Kinga ya kinywa na uke dhidi ya Candida: nianze na seli, panya au wagonjwa?

Chachu_Kidogo

Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya mikrobiolojia na sasa naandaa andiko la utafiti wa uzamili. Ninachotaka kukifanya kwa miaka mingi ijayo ni jinsi utando ute unavyojikinga na fangasi, hasa Candida albicans. Maabara tuliyonayo ina inkubeta ya CO2, kabati la usalama, hadubini, mashine ya kusoma ELISA (kipimo cha kiasi cha protini) na friza ya -80. Banda la panya lipo, kibali cha kuwaambukiza bado.

Jaribio la kwanza la seli za TR146 za kinywa limekwama. Niliweka fangasi 10 kwa kila seli kwa saa 24 na visima vyote vikafa. Fangasi wenye jeni ya ECE1, inayotoa sumu ya kutoboa seli, na wasio nayo wametoa majibu sawa kabisa. La pili: nichague kinywa au uke? Msimamizi anasema Candida ni ile ile tu.

Dokta_Ukungu

Msimamizi wako yuko sahihi kwa fangasi, si kwa kinga.

Kinywani mhimili ni IL-17, protini ya ujumbe ya seli za kinga. Mwaka 2009 kundi la Sarah Gaffen lilionyesha kuwa panya wasio na kipokezi cha IL-17 hushindwa kuisafisha Candida mdomoni. Mwaka 2011 Anne Puel, Jean-Laurent Casanova na wenzao wakaeleza binadamu waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni za IL-17F na IL-17RA, ambao huugua kandida sugu ya ngozi na utando ute. Hilo linaendana na tunachokiona kliniki: CD4 (seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU) zikishuka chini ya 200, ukoko mweupe mdomoni unakuwa jambo la kawaida. Hata wanaotumia dawa za kuzuia IL-17 kutibu soriasisi huupata zaidi ya wengine.

Ukeni mambo yanageuka. Wengi wanaougua huko wana CD4 nzuri tu. Mwaka 2004 Paul Fidel na wenzake waliwawekea wanawake waliojitolea Candida hai. Walioonyesha dalili walikuwa na nutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi ukeni, wasioonyesha dalili hawakuwa nazo. Muwasho na uvimbe ule unaletwa na nutrofili zenyewe, tena haziui fangasi. Kazi ya kundi hilo hilo kwa panya inaonyesha kwa nini: heparan sulfate, aina ya sukari ndefu iliyomo kwenye majimaji ya uke, inakaa kwenye kipokezi cha nutrofili kiitwacho Mac-1, nutrofili ikakosa pa kuikamatia Candida. Sasa ukipima ukeni, ukakuta seli za kinga zimejaa, ukaandika kwamba mgonjwa amejikinga vizuri, umeandika kinyume.

Chagua kimoja. Kwa vifaa ulivyotaja, kinywa.

Fundi_wa_Seli

Kilichoua visima ni uwiano. Kumi kwa moja ni ya kupima ishara za ndani ya seli, yaani protini za c-Fos na MKP-1, na mwisho wake ni saa 2. Kwa saa 24 weka 0.01, yaani fangasi 1 kwa seli 100. Kisima chenye seli 500,000 kinapewa fangasi 5,000. Kwa dozi yako, asubuhi nyuzi zimefunika kisima, sukari imekwisha, midia imekuwa njano. Seli zinakufa kwa njaa na asidi, na tofauti ya jeni inapotelea humo.

Otesha fangasi kwenye YPD (mchuzi wa kuoteshea chachu) usiku kucha kwa 30°C ukiitikisa. Kwa 37°C wanaanza kutoa nyuzi, wanashikana mabonge, na hesabu ya chemba ya Neubauer inakudanganya. Osha kwa PBS mara 2 au 3, hesabu, kisha sambaza kwenye agari kiasi kinachotarajiwa kutoa makoloni 100. Yakitoka 30, dozi yako halisi ni chini ya theluthi ya uliyoiandika kwenye daftari.

Seramu iondoe usiku wa kuamkia maambukizi. Wengi wanapuuza hili. Kandidalaisini, ile peptidi ya asidi amino 31 inayokatwa kutoka protini ya Ece1 na kutoboa seli, hunaswa na albumini. Isitoshe, seramu ina LDH yake (kimeng'enya kinachovuja seli zikiharibika), kwa hiyo kipimo cha uharibifu kinaanza juu kabla hujaweka fangasi hata mmoja.

Visima vya kulinganishia: seli peke yake, fangasi peke yake (hiki ndicho husahaulika), na seli zilizopasuliwa kwa Triton X-100 ya 1% kuwa asilimia 100 yako. Fangasi asiye na ECE1 usimlinganishe na SC5314, ile aina ya kawaida ya maabara. Kama ametengenezwa kutoka BWP17 (aina ya maabara iliyoondolewa jeni kadhaa, ikiwemo URA3), mlinganishe na BWP17 iliyorudishiwa URA3 kwa plazmidi ya CIp30, maana mahali URA3 ilipokaa peke yake panaweza kubadilisha ukali wa fangasi. Ukimpata yule aliyekatwa kipande cha 184–279 tu cha ECE1, chenye kandidalaisini, bora zaidi. Jaribio limekaa sawa pale nyuzi za fangasi asiye na ECE1 zinapoota kawaida chini ya hadubini huku LDH na protini za uvimbe, IL-1β na GM-CSF, zikishuka. Na pima maikoplazma (bakteria wanaojificha kwenye seli za maabara) kwanza, la sivyo IL-6, protini nyingine ya uvimbe, itakusumbua bure.

Banda_la_Panya

Kibali kikija: kotisoni asetati 225 mg kwa kilo chini ya ngozi, siku moja kabla ya maambukizi, kisha siku ya 1 na ya 3. Panya wa gramu 20 anapata 4.5 mg. Pamba iliyoloweshwa fangasi inakaa chini ya ulimi dakika 75 akiwa kwenye usingizi wa ketamini na zailazini. Usingizi ukiisha mapema anaimeza pamba. Asipowekwa kwenye joto anakufa kwa baridi, nawe utasema ni Candida. Mpime uzito kila siku.

Kumbuka pia kuwa panya wa maabara kwa kawaida hawabebi C. albicans. Siku za mwanzo unapima kinga ya asili, wakati mtu mzima tayari ana seli za Th17 (zinazotoa IL-17) zenye kumbukumbu.

Chachu_Kidogo

Asanteni sana wakuu. Nikichanganya seli na mate ya wagonjwa wa CTC (kliniki ya VVU), je? Tuko Tanzania.

Mama_Sampuli

Inawezekana, ila anza na kibali cha NatHREC, kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, pale NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kama mate yatatoka nje ya nchi, hati ya kuhamisha sampuli iandaliwe mapema, usingoje friza ijae.

Mgonjwa asile wala kupiga mswaki saa 1 kabla. Ateme kwenye tyubu iliyo juu ya barafu kwa dakika 5, bila kutafuna chochote. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g dakika 10 kwa 4°C, chukua maji ya juu, gawa mafungu ya 200 µl, weka kwenye -80. Usiyeyushe mara mbili. Ute wa mate huvuruga ELISA, kwa hiyo ongeza kiasi unachokijua cha IL-17A kwenye sampuli chache uone kinachosomeka. Kikiwa chini ya 80%, zimua zaidi.

Kagua fizi! Ugonjwa wa fizi peke yake hupandisha IL-17, na wagonjwa wengi wanao. Aliyebeba Candida bila ukoko usimweke kundi moja na mwenye ukoko. Otesha kwenye agari ya rangi ujue kama ni albicans kweli, maana glabrata, aina nyingine ya Candida, haitoi nyuzi halisi wala haina ECE1, na hoja yote ya seli zako itaanguka.

Kuhusu huko mbele, jifunze saitometria ya mtiririko (kuhesabu na kutambua seli kwa leza) na kufuta jeni za Candida, ambayo ina nakala mbili za kila jeni, hivyo kufuta moja hakutoshi. Kitengo cha Chuo Kikuu cha Cape Town kinachoshirikiana na kituo cha Exeter cha fangasi wa tiba ni mahali pa kuulizia nafasi. C. albicans iko kundi la juu kabisa la orodha ya WHO ya mwaka 2022, itaje kwenye andiko.

Na kwenye dodoso weka swali la flukonazoli, dawa ya fangasi, katika wiki 4 zilizopita. Uliza na jina la duka la dawa, kwa sababu wengi huinunua wenyewe na haimo kwenye faili la CTC.