Wakuu wa idara wanaitikia kikaoni, wakitoka wanarudi kwenye daftari. Nifanyeje?

MwanaPwani
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni meneja msaidizi wa hoteli moja mashariki ya Unguja. Wenye mali wameamua stoo iingie kwenye mfumo wa kompyuta: chochote kinachotakiwa, kuanzia mchele mpaka sabuni za vyumbani, kiombwe na kuidhinishwa humo, na bila hivyo kisitoke. Mie naliunga mkono kwa moyo wote. Kila mwisho wa mwezi tunagombana kwa vitu visivyojulikana vimetokaje, na anayebeba lawama ni kijana wa chini aliyetumwa boksi.

Vijana hawana shida, wameshazoea. Shida ni wakuu wa idara. Kikaoni wote "sawa bosi", wakitoka daftari ni lilelile. Mpishi mkuu anatuma mtu na kikaratasi. Bi mkubwa wa hausikipingi anasema mtandao haupatikani, hali mimi nautumia saa hiyohiyo. Naambiwa niandike barua za onyo, na nafsi haitaki. Hawa ndio walioishikilia hoteli wakati wa Korona. Nitawapataje wawe upande wangu kweli?

BintiMakunduchi
Waalaykum salaam. Barua usiandike kwanza. Habari hii waliambiwa kabla, au waliisikia siku moja na vijana wao?

MwanaPwani
Siku moja, dada. Ilitangazwa kikao cha wote.

ChumviYaWete
Basi hapo ndipo walipovunjiwa heshima. Mpitie mmoja mmoja, umfuate anapofanyia kazi, usimwite ofisini. Usimuulize kama anakubali, atakwambia ndiyo. Muulize jambo hili linamharibia nini, kisha umsikilize mpaka amalize.

Nimekaa jikoni miaka mingi, kwa hiyo huyo mpishi namuelewa. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka kupita kawaida, yakikupwa, watu wanashuka mwambani na pweza wanapatikana. Muuzaji anafika mlango wa nyuma na ndoo yake, anataka pesa mkononi. Mfumo wenu nao unataka oda ya jana na muuzaji aliyesajiliwa. Mpishi akiufuata, pweza anakwenda hoteli ya jirani na mgeni anakula kuku. Mnamuona mkaidi, kumbe anawaonesha pale mfumo unapovuja. Mtengeeni fungu la pesa taslimu kwa ununuzi wa pwani: apime yeye, aingize kwenye mfumo jioni ileile. Utaratibu huo autunge mwenyewe, na kikaoni aueleze mwenyewe.

BintiMakunduchi
Na huyo bi mkubwa, nakuomba umsitiri. Mtu mzima hawezi kubabaika na kompyuta mbele ya wasichana aliowafundisha kutandika vitanda, na hatakwambia hivyo. Atasema mtandao. Mtafutie wa kumfundisha kutoka idara nyengine, faragha, mchana vyumba vikishamalizika. Akishaiweza, wasichana wake wafundishwe na yeye.

MsomiTunguu
Hili lilishachunguzwa zamani. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha utafiti wao kutoka kiwanda cha nguo za kulalia huko Virginia, Marekani. Wafanyakazi walioambiwa tu kwamba kazi imebadilika walishuka uzalishaji, wakanung'unika, wengine wakaacha kazi. Walioshirikishwa kupanga namna ya kubadilisha walirudi haraka kwenye kiwango chao na kukipita. Wale walikuwa watu wa mashine, si wakuu wa idara, lakini naona linakuhusu: kuwepo kwa mfumo kumeshaamuliwa, namna ya kuutumia bado mnaweza kuwaachia.

KaskaziKusi
Mimi nina wasiwasi na upole huu. Wengine daftari linawalisha. Huyo hata umbembeleze mwaka mzima hatahama.

MtunzaFunguo
Yupo, lakini humjui bado. Ondoa kwanza sababu za haki, atakayebaki na kikaratasi baada ya hapo ndiye wa kuandikiwa barua.

Mie ni mtu wa stoo. Mkitangaza kwamba mfumo umekuja kuzuia wizi, mmeshanituhumu mie mwenye funguo, na sitausaidia. Nambie kwamba utanilinda: aliyechukua ameandikwa, aliyeidhinisha ameandikwa, siulizwi la mtu. Halafu angalia bosi wako jioni anaitisha nini. Kama anaitisha daftari, tutajaza daftari. Kujaza vyote viwili ni kazi mara mbili kwa mshahara uleule, kwa hiyo itajwe tarehe ambayo daftari linafungwa. Na isiwe Agosti hoteli imejaa! Ngojeni masika, Aprili na Mei, mtu apate nafasi ya kukosea bila mgeni kusubiri chakula.

MwanaPwani
Ahsanteni sana, wallahi. La daftari la jioni ni kweli, bosi analitaka mezani kila siku. Nitaanza na yeye, nimuombe pia tusogeze mpaka masika. Bamvua inaingia wiki hii, nitakwenda kukaa na mpishi mlango wa nyuma nione anavyonunua. Mwenye mfano wa fomu ya ununuzi wa pwani anisaidie.

ChumviYaWete
Ya kwetu ilikuwa fupi: aina, kilo, bei, jina la muuzaji, saini ya mpishi. Mpe aipunguze au aiongeze atakavyo kabla hujaichapisha.