Njia ya oili kwenye Beetle 1500: shaba, haidroli au teflon?

Kobe67 (Nairobi)
Wakuu salaam. Nafufua injini ya Beetle, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya 1967. Mnajua haina filta, ni kile kichujio cha wavu tu chini, na oili yenyewe lita 2.5. Nataka kuifungia filta ya nje, nayo ikae kwenye bodi karibu na gurudumu la nyuma. Sasa oili ipite kwenye nini kutoka injini hadi filta na kurudi? Fundi wangu anataka bomba la shaba, eti ndilo la kizamani. Grogan, kule kwenye maduka ya vipuri, nimeona mpira uliofumwa waya wa stenlesi nje, bei yake inauma. Mnashaurije?

Spana_Tanga
Shaba hapo hapana. Injini inatikisika, bodi imetulia. Shaba ikitikiswa sana hukakamaa, halafu hupasuka pale pale ilipotanuliwa mdomo, nyuma ya nati. Bomba gumu liwekwe tu kama ncha zote mbili zimefungwa kwenye injini yenyewe.

Bi_Kabureta
Nenda kwa wanaotengeneza mipira ya haidroli ya matrekta. Chukua wa nusu inchi, ncha zibanwe kwa mashine. Klipu za bisibisi usikubali, maana asubuhi oili ikiwa baridi na nzito presha hupanda vibaya. Na wakishakata, wapulize ndani na kuosha. Unga wa raba na chuma ukifika kwenye beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini, unaanza upya.

Mpita_Njia
mpira wa hita si upo, bei chee, raba ni raba tu

Bi_Kabureta
@Mpita_Njia ule ni wa maji ndugu yangu! Oili itauvimbisha mpaka uwe kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mwendo_Pole
Mpira wa haidroli wa kawaida mwisho wake joto la nyuzi 100 hivi. Panda barabara ya Mombasa kutoka Mtito Andei kuja Nairobi saa nane mchana uone kama oili ya Beetle haijapita hapo. Mimi nimeweka wenye teflon ndani, ile plastiki ya kuvumilia joto, unahimili zaidi ya 200. Ila ni mbishi kupinda, na ukikunjika ndio basi. Ule waya wa nje nao unakwangua kila unachogusa, hadi nyaya za umeme, kwa hiyo uvike raba.

Spana_Tanga
Haidroli ya nyuzi 150 ipo pia, ulizia.

Kobe67
Basi nitatafuta hiyo ya 150. Na washa za shaba za zamani, vile vipete vya kuziba kwenye maungio, zinafaa?

Spana_Tanga
Kama hazina mikwaruzo. Zichome mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zinalainika tena. Ila mpya ni bei ya soda, mzee.