Video ya harusi GB 26.8: flashi inagoma, TV haisomi, na dada yuko Muscat. Naipunguzaje?

Mdogo_wa_Lushoto:

Wakuu, heshima kwenu. Harusi ya dada imepita salama, shida imebaki kwenye video. Mpiga picha katukabidhi faili moja la MP4, saa 2 na dakika 40, kwenye laptopu linasoma GB 26.8. Nikilinakili kwenye flashi yangu ya GB 32, tupu kabisa, linagoma, eti faili ni kubwa mno. Flashi ya mpiga picha mwenyewe nikiichomeka kwenye TV ya bi mkubwa haionyeshi kitu.

Halafu dada mkubwa yuko Muscat, hakupata ruhusa kazini. Vipande nilivyorekodi kwa simu nikimtumia vinafika na ukungu mtupu. Juzi kaniuliza yule aliyevaa kijani ni shangazi au ni pazia.

Nina laptopu ya Core i3, RAM GB 4, Windows 10. Simu yangu Tecno, binamu ana iPhone. Bando ni la kuunga unga. Naombeni njia isiyo na gharama. Mama anataka harusi yote, hata hotuba ya mjomba.

Mzee_wa_Bando:

Mbona rahisi dogo. Pakua WinRAR, bonyeza faili, chagua ile ya kubana sana. Itashuka hata nusu.

FundiVideo_Ngamiani:

Mzee wa Bando, usimpoteze kijana wa watu. WinRAR inabana vizuri maandishi na majedwali. MP4 ilishabanwa tangu ndani ya kamera, ukiizipu utapunguza kiduchu tu. Na TV ya mama yake itafungulia nini RAR?

Dogo, hongereni kwa harusi. Mimi kazi yangu ndiyo hii hapa Tanga, na kila msimu wa harusi naletewa flashi za namna hiyo. Kabla ya kutafuta programu, elewa uzito unatoka wapi: ni bitireti (kiasi cha data kinachotumika kila sekunde) mara muda, basi. Faili lako lina sekunde 9,600. Gawa uone, linakula karibu megabiti 24 kila sekunde. Mpiga picha hajakosea, kamera zinarekodi hivyo ili mhariri apate pa kushika. Ila TV ya sebuleni haihitaji mzigo huo.

Sasa flashi. Flashi nyingi za GB 32 zinatoka dukani na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata flashi ikiwa tupu. Ya mpiga picha bila shaka iko kwenye exFAT au NTFS, ndiyo maana imebeba, na TV nyingi za zamani hazisomi mifumo hiyo. Kwa hiyo usiiformati flashi yako. Shusha video iwe chini ya GB 4, matatizo yote mawili yamekwisha.

Hesabu yake: megabiti 3 kwa sekunde mara 9,600, gawa kwa 8 (biti 8 ni baiti moja), unapata MB 3,600. Inaingia.

Pakua programu ya HandBrake, ni ya bure na haiweki alama yake juu ya video. Buruta faili uliingize. Kwenye orodha ya preset (mipangilio iliyo tayari) chagua Fast 720p30. Ingia sehemu ya Video, hakikisha kodeki (njia ya kubana video) ni H.264, kisha badala ya Constant Quality weka Avg Bitrate na uandike 2800, yaani megabiti 2.8, kinachobaki kwenye zile 3 ni cha sauti. Weka tiki kwenye ile ya kupitia faili zaidi ya mara moja. Inachukua muda mrefu, lakini programu inajua mapema wapi pa kubana na wapi pa kuachia. Sauti iache kama ilivyo. Anza, chomeka chaja, kalale. Core i3 haitamaliza hiyo kazi wakati unakunywa chai.

Utasikia watu wanasema tumia H.265, inatoa karibu ubora uleule kwa nusu ya uzito. Ni kweli, kiwango hicho kilipitishwa 2013, wakati H.264 ni ya 2003. Lakini TV iliyoshindwa kusoma flashi siiamini kwa H.265. Unaweza kusikia sauti ya MC halafu kioo cheusi. Kwa wazazi mimi natoa MP4 ya H.264, sibahatishi.

Na kwa nini 720 wakati video ni 1080 (hiyo ni idadi ya mistari ya picha)? Kwa sababu ya taa. Hotuba ya mjomba haina shida: mtu kasimama, ukuta nyuma hautikisiki, kodeki inarudia kilekile. Shida ni pale bibi harusi anapoingia ukumbini, gauni la shanga, taa za MC zinabadilika rangi, watu wanarusha yale makaratasi ya kumeta. Kila kitu kwenye fremu (zile picha moja moja zinazounda video) kimebadilika na bitireti ni ileile. Ukilazimisha 1080 kwa megabiti 3, tazama pindo la gauni: shanga zinayeyuka, panabaki vijiraba vya kijivu vinavyotembea, na shavuni vipodozi vinageuka madoa. Kwenye 720 pikseli ni chini ya nusu, kwa hiyo kila moja inapata mgao wa maana. TV ikiikuza, mama ataona picha laini kidogo, lakini shanga ataziona.

Mdogo_wa_Lushoto:

Fundi, umeninyoosha. Nimeiwasha sasa hivi, laptopu inavuma kama jenereta. Na wa Muscat je?

FundiVideo_Ngamiani:

Huyo usimtumie saa 2 na dakika 40. Muulize anataka kuona nini. Najua jibu: kuingia ukumbini, keki, na zawadi za upande wenu. Kata hivyo vipande kwanza kutoka kwenye faili la asili, siyo kwenye la TV. Ukibana kilichokwisha kubanwa unarithi makosa ya mwanzo na kuongeza mapya.

Kukata tumia LosslessCut, nayo ya bure. Inakata bila kuichakata video upya, kwa hiyo ni suala la muda mfupi hata kwenye mashine yako. Halafu kila kipande kipitishe HandBrake, 720, bitireti 2000. Kipande cha dakika 6 kitakuja kama MB 95 hivi pamoja na sauti. Hamishia kwenye simu.

Ukungu unatoka kwenye namna ya kutuma. Ukituma video WhatsApp kupitia picha na video, programu inaibana upya yenyewe ili iwe nyepesi. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, tafuta faili huko. Kwa njia hiyo linafika kama lilivyotoka, na kikomo ni GB 2 kwa faili. Dada ataona kama faili la kupakua badala ya video inayojicheza, mwambie abonyeze tu.

Tuma kwenye waifai ya mtu unayemwamini au bando la usiku.

Nyali_Mpole:

Salaam kutoka Mombasa. Naongezea upande wa iPhone ya binamu. Ingieni Settings, Camera, Record Video. Pale chini simu yenyewe imeandika dakika moja inakula ngapi: 1080 ya fremu 30 kwa sekunde ni kama MB 60, 4K (picha kubwa kuliko 1080) ya fremu 30 ni kama 170, 4K ya fremu 60 inafika 400. Watu wengi waliweka 4K 60 siku ya kununua simu na hawajarudi huko tena, halafu wanalia simu imejaa. Hizo hesabu ni kwa mpangilio wa High Efficiency, ambao ndio H.265. Ukiweka Most Compatible, uzito unapanda karibu mara mbili.

Zile ambazo zimesharekodiwa, kuna programu ya Shortcuts, inakuja na simu. Tengeneza njia ya mkato, weka kitendo cha Encode Media, chagua 1280×720, kisha kihifadhi. Hakuna matangazo, hakuna kulipia. Kwa Android sijui wenzangu mnatumia nini.

FundiVideo_Ngamiani:

Shukrani Nyali, hiyo ya Shortcuts wengi hawaijui.

Kwenye Tecno, dawa ni kurekodi kwa kiasi tangu mwanzo: fungua kamera, mipangilio, ubora wa video, weka 1080 au hata 720 kama ni ya kutuma tu. Za zamani zipitishe CapCut au InShot, wakati wa kuhifadhi chagua 720 na fremu 30. Zile programu zinazojitangaza kupunguza video kwa asilimia 90 bila kupoteza ubora ziache. Asilimia 90 inapungua kweli, ubora ndio wanakudanganya. Na nyingine zinaomba ruhusa ya majina ya simu yako. Majina yanahusiana vipi na video?

Mdogo_wa_Lushoto:

Mrejesho wakuu. Imetoka GB 3.3, flashi imepokea, TV imesoma. Mama kaangalia hadi mwisho, kisha kaomba arudishiwe pale kwa mjomba. Vipande vya Muscat vimefika kama hati, dada kasema sasa kaona hata hina.

Jambo moja: kipande nilichorekodi mwenyewe kwa Tecno, nimekipitisha HandBrake ili nikiunganishe na vingine, kadiri kinavyoendelea sauti inaachana na midomo. Cha mpiga picha hakina shida hiyo.

FundiVideo_Ngamiani:

Bila shaka ni fremu za simu. Simu hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua zinapunguza, ukirudi zinaongeza. Kamera ya mpiga picha haifanyi hivyo. Ukiunganisha na video ya mwendo mmoja, programu ya kuhariri inachanganyikiwa. Rudia kipande hicho kutoka kwenye faili la simu, sehemu ya Video, kwenye Framerate andika 30 na uchague Constant Framerate. Ndipo ukiunganishe.

Na lile la GB 26.8 usilifute hata ukibanwa na nafasi. Tafuta diski ya nje ya mtu, lihifadhi huko.

Mzee_wa_Bando:

Fundi, nina za ubatizo GB 40. Nikuletee Ngamiani au nianze na HandBrake mwenyewe?

FundiVideo_Ngamiani:

Anza mwenyewe. Ukikwama njoo, ila WinRAR iache nyumbani.