Tupeane uzoefu: Je, waranti ya saa ya kifahari hubaki hai saa ikiuzwa kwa mtu wa pili?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, wengi wetu hununua saa za thamani kubwa kutoka kwa jamaa walioko Dubai, Muscat au Uingereza, na swali hurudi kila mara: saa ikishavaliwa na mwingine, waranti ya kiwandani ni ya nani? Kwa nilivyosoma masharti ya makampuni yenyewe, jambo la kwanza linalotazamwa ni saa na kadi yake ya waranti, si jina la aliyeivaa. Rolex hutoa miaka 5 kwa saa zilizouzwa kuanzia Julai 2015, Omega ilifikisha miaka 5 kwa saa zake zote Novemba 2018, na Tudor inatamka wazi kwamba miaka yake 5 huhamia kwa mmiliki mwingine bila kusajiliwa popote. Hata hivyo, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku wakala rasmi alipoiuza saa kwa mara ya kwanza. Anayeinunua ikiwa na miaka mitatu ananunua miaka miwili iliyobaki, na bei inapaswa kulizingatia hilo. Aliyewahi kuipeleka saa ya namna hiyo kwa wakala atueleze ilikuwaje, na tafadhali tusitaje majina ya maduka tuliyokosana nayo.

Mchangiaji, Muscat

Saa yangu niliinunua kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anarejea kwao. Kabla ya kumkabidhi fedha tuliketi karibu na dirisha, tukalinganisha namba iliyo kwenye kadi na ile iliyochongwa kwenye mwili wa saa, ambayo ni ndogo mno hata ikabidi niipige picha kwa simu na kuikuza ndipo isomeke. Miezi kadhaa baadaye tarehe ikaanza kukwama katikati ya namba mbili kila ifikapo usiku wa manane. Kwa wakala niliombwa kadi, ikatazamwa tarehe ya mauzo na jina la duka lililoiuza, kisha fundi akakichunguza kifuniko cha nyuma kwa lenzi akitafuta mikwaruzo ya mtu aliyewahi kukifungua. Hakuna aliyeniuliza saa niliipataje. Ilitengenezwa bila malipo, nikarudishiwa pamoja na karatasi ya matengenezo, na karatasi hiyo naitunza sawa na kadi yenyewe, kwa kuwa atakayeinunua kwangu ataihitaji.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu wa Muscat amegusa jambo zito, nalo ni kama saa imewahi kufunguliwa au kubadilishwa. Shemeji yangu alinunua saa yenye kadi halali na muda wa kutosha uliobaki, ila mmiliki wa kwanza alikuwa ameipeleka kwa sonara ikapachikwa vito kuzunguka kioo. Wakala aliipokea, akaitazama kwa dakika chache, akairudisha. Masharti ya Rolex, kwa mfano, yanasema kwamba kubadilisha chochote, au kuongeza kipuri kisichotengenezwa na kampuni, kunaiondoa waranti, na sharti la aina hii linapatikana kwa makampuni mengi. Halitazami nani alifanya hivyo wala lini, kwa hiyo mnunuzi wa pili hurithi hata yale asiyoyajua. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko tarehe, kwa sababu tarehe inasomeka kwenye kadi, lakini raba ya kuzuia maji iliyobadilishwa na fundi wa mtaani haionekani mpaka maji yaingie.

Mchangiaji, Leicester

Naomba tutofautishe waranti ya kampuni na waranti ya duka. Yapo maduka yasiyo mawakala ambayo huuza saa mpya na zilizotumika kwa waranti yao wenyewe, na mara nyingi waranti hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza tu, tena matengenezo hufanyika kwao. Hapa Uingereza kuna pia haki za kisheria: sheria ya mwaka 2015 ya haki za walaji humbana mfanyabiashara hata akiuza bidhaa iliyotumika, lakini haimbani kwa namna hiyo mtu binafsi anayeuza saa yake. Ndiyo maana mimi huona afadhali kuongeza fedha kidogo na kununua kwa mfanyabiashara mwenye risiti. Aidha, mwishoni mwa 2022 Rolex ilianza mpango wa saa zilizotumika zilizothibitishwa na kampuni, zinazouzwa na mawakala wake zikiwa na waranti mpya ya miaka 2.

Mchangiaji, Zanzibar

Je, kama kadi imepotea, au ipo lakini sehemu ya tarehe haikujazwa?

Mwanzisha mada

Dada, kadi isiyojazwa tarehe ichukulie kama haipo, kwa sababu wakala hana pa kuanzia kuhesabu, na saa inunue kwa bei ya saa isiyo na waranti. Kinachobaki ni matengenezo kamili kwa wakala kwa gharama yako: Rolex huyapa matengenezo hayo waranti yake ya miaka 2. Uliza gharama hiyo kwanza, kisha uitoe kwenye bei unayotajiwa na muuzaji.