Kakakuona alionekana shambani kwetu Makuyuni: tulikosea wapi?

Mjukuu wa Makuyuni (ameuliza)

Wazee shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Naandika kutoka Arusha mjini, ingawa jambo lenyewe lilitokea Makuyuni, wilayani Monduli, kwenye shamba la baba yangu mdogo. Wiki tatu zilizopita, akirudi kutoka kwenye palizi wakati giza linaingia, alimkuta kakakuona akifukua chini ya kichuguu kilicho mpakani mwa shamba. Kwa kuhofia kwamba vijana wangemuua, alimtia kwenye gunia akaenda naye nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kulipopambazuka ua ulikuwa umejaa watu. Mzee mmoja aliagiza viletwe bakuli la maji, ungo wenye mahindi na panga, vikapangwa mbele ya yule mnyama ili aonyeshe mwaka utakuwaje. Mwenyewe alikuwa amejikunja kama mpira na hakushughulika na chochote hadi saa nne, alipoinua pua kidogo upande wa bakuli la maji, vigelegele vikapigwa. Tulipiga simu ofisi moja inayohusika na wanyamapori, ikaita bila kupokelewa. Siku ya pili tulimpa ugali na maziwa, hakugusa. Jioni yake alifika mtu kwa bodaboda, mgeni kabisa, akataja fedha zinazozidi bei ya ng'ombe wawili. Baba mdogo alimfukuza. Maafisa walikuja siku ya tatu wakamchukua akiwa amedhoofika sana, na hatujasikia habari zake tena.

Baba mdogo anaamini kwamba alimwokoa. Mimi naona shaka. Naomba wenye ujuzi watueleze tulikosea wapi, na siku nyingine tufanye nini.

Askari Mstaafu, Moshi

Marahaba, kijana. Nilisoma Chuo cha Mweka na nimefanya kazi ya ulinzi wa wanyamapori hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: kosa la kwanza lilikuwa gunia. Baba yako mdogo alikuwa na nia njema, hilo halina ubishi, lakini kakakuona aliyekutwa akijitafutia chakula hana shida yoyote inayomhitaji binadamu. Angemwacha pale pale, akazima tochi na kwenda zake, angekuwa amemsaidia kuliko sisi sote tunaoandika hapa.

Huyu ni mnyama asiye na meno, anayeishi kwa sisimizi na mchwa anaowanasa kwa ulimi mrefu wenye utelezi, na hali kingine. Ugali na maziwa kwake si chakula. Hata kule Zimbabwe, ambako kuna watu wenye uzoefu wa kuwalea walionusuriwa kutoka kwa majangili, walezi hulazimika kutembea nao porini kwa saa nyingi kila siku ili wajitafutie wenyewe. Sasa fikiria mnyama wa namna hiyo, ambaye hutembea usiku na peke yake, akikaa siku tatu katikati ya kelele na mwanga wa simu. Hofu peke yake humdhoofisha.

Mkimkuta barabarani, hasa ile barabara kuu yenye malori usiku, mvusheni upande aliokuwa akielekea, kwa mikono miwili chini ya tumbo, bila kumshika mkia na bila kujaribu kumkunjua. Akiwa amejeruhiwa, mwekeni kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, mahali penye giza na utulivu, na chombo kifupi cha maji, kisha mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya saa hiyo hiyo. Simu isipopokelewa, mmoja apande pikipiki. Kumbukeni pia kwamba, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na mnyama huyu au magamba yake bila kibali ni kosa, na kesi zake huweza kufunguliwa kama uhujumu uchumi, ambako kifungo cha miaka 20 si jambo geni. Kutunza kwa huruma ni utetezi mgumu sana mbele ya hakimu.

Mama wa Njiro

Nina swali dogo kwa mleta mada. Yule mtu wa bodaboda alijuaje?

Mjukuu wa Makuyuni

Mama, umegusa palepale panapouma. Binamu yangu alipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ikiwa na jina la kitongoji. Kufikia mchana nilitumiwa picha ileile na mtu ambaye hata si ndugu yetu.

Mama wa Njiro

Basi kosa kubwa kuliko gunia ni hilo. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona, nne za Asia na nne za Afrika, lakini wanunuzi hawakulala. Aprili 2019, ndani ya wiki moja tu, Singapore ilikamata makontena mawili yaliyotoka Nigeria yakiwa na zaidi ya tani 25 za magamba. Tani, si kilo. Na magamba yenyewe ni keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha zetu. Anayetafuta dawa humo angekata kucha zake akazisaga, asingepungukiwa na chochote.

Mzee wa Mto wa Mbu

Wanangu, naomba msiidharau ile mila ya bakuli na panga. Nilikokulia, kakakuona hakuwa nyama wala bidhaa. Aliyemwona aliita wazee, wazee wakatazama ishara, na kabla jua halijazama alirudishwa alikotoka, kwa sababu kumuua kulihesabiwa kuwa ni kuleta balaa. Hofu hiyo ilimlinda miaka mingi, kabla hatujawa na mahakama ya kumlinda. Kilichoharibika Makuyuni ni kwamba ishara ilitazamwa, lakini sehemu ya kumrudisha ilisahauliwa.

Askari Mstaafu, Moshi

Mzee wangu, nakubaliana nawe nusu. Imani ileile inayomfanya mmoja amrudishe porini humfanya mwingine atafute gamba la kuvaa kiunoni au kumpelekea mganga. Simba humgeuza na kumtafuna bila mafanikio, kwa kuwa akijikunja hana pa kushika, lakini kujikunja huko ndiko kunakomwezesha binadamu kumwokota kama nazi iliyoanguka. Na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja.

Dereva wa Utalii

Kwa nini Serikali isiwalipe wananchi kwa kila kakakuona wanayemsalimisha? Nadhani hakuna ambaye angemuuzia mtu wa bodaboda.

Askari Mstaafu, Moshi

Ndugu yangu, wiki ya pili ungewakuta vijana wakichimba mashimo yote kuanzia Makuyuni hadi Minjingu ili wapate wa kusalimisha. Wanaostahili kulipwa ni wanaotoa taarifa za wanunuzi.

Mjukuu wa Makuyuni

Nawashukuru wote. Jumamosi nilikwenda Makuyuni nikamsomea baba mdogo majibu haya, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wale maafisa wanaweza kumwambia alipo. Nimeahidi kufuatilia. Kile kichuguu tulikuwa tumepanga kukibomoa ili udongo wake ufyatuliwe matofali ya jikoni, amesema kibaki. Namba ya afisa wanyamapori nimeipata kwa mtendaji, nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa mashine ya kusaga, na binamu amefuta ile picha kwenye kundi, ijapokuwa kwa wengine tayari imeshafika.