Agapetes yangu inageuka manjano, naomba ushauri

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na Agapetes serpens, ile jamaa ya bluberi inayotoka milima ya Himalaya na kuota juu ya matawi ya miti badala ya ardhini. Ninayo hapa London, ndani ya kibanda cha vioo, nimeitundika kwenye kikapu. Ikichanua, matawi yote yanajaa vitaa vyekundu vyenye michirizi ya V iliyokolea.

Shida ni majani machanga: yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mizizi nimeikagua, haijaoza, na lile shina lililovimba pale chini bado ni gumu.

Nashuku maji ya bomba. Maji ya London yana chokaa nyingi (birika langu ni shahidi), na mimea ya ukoo huu inataka udongo wenye asidi (chokaa huipunguza), la sivyo inashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo. Sasa nakinga maji ya mvua.

Je, hayo maji yatatosha, au niongeze mbolea ya chuma? Au niitoe kabisa niipande upya kwenye magome ya msonobari na perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo)? Ninachohofia ni kwamba vichomozo vya maua vimeshaanza, sijui kama nikiigusa sasa havitapukutika. Jirani ananihimiza niweke samadi ya kuku. Kwa mmea uliozoea kuishi mtini kwa majani makavu na unyevu wa ukungu wa milimani, mimi sioni mantiki, lakini kama kuna aliyejaribu aseme.