Naomba ushauri: naanza mashindano ya bastola ya kujihami (IDPA), nijiandae vipi?

MgeniWaRenji
Wakuu, habari zenu. Nina bastola ya 9mm, leseni ipo, na nimezoea kupiga karatasi nikiwa nimesimama mahali pamoja, mita 10. Sasa nataka kuingia mashindano ya IDPA. Naomba kujua vifaa vya lazima ni vipi, alama zinahesabiwaje, na ni makosa gani yanayomtoa mtu mashindanoni. Mfuko wangu si mkubwa, sitaki kununua kitu kimoja mara mbili.

FundiSlaidi
Karibu sana. Kwanza, usibadilishe bastola. Hiyo hiyo, kama haijafanyiwa marekebisho makubwa, itaingia divisheni ya SSP, yaani bastola za kawaida kama zinavyotoka kiwandani. Pesa yako ielekeze kwenye holsta, halafu mkanda, halafu magazini.

Holsta iwe ngumu, ya Kydex (plastiki ngumu) au ngozi nene, ifunike triga yote, na mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikiwa imeshatoka. Holsta laini ya kitambaa hujikunja mdomoni. Ukirudisha bastola, ule mkunjo unaingia mbele ya triga, wewe unasukuma chini, na risasi inapita kwenye paja. Pindo la shati hufanya vilevile. Kwa hiyo kurudisha bastola kunafanywa polepole, kwa kuangalia, nguo ikiwa imeshikwa pembeni na mkono mwingine. Hakuna sekunde inayohesabiwa wakati huo. Holsta za begani, za kifundo cha mguu na za katikati ya mgongo haziruhusiwi.

Mkanda uwe na upana wa sentimita 3.8 hivi na uwe mgumu. Mkanda wa suruali wa kawaida unavutika: unachomoa bastola, holsta nayo inapanda, mshiko unaharibika kabla hujaanza kulenga.

Magazini 3 ndizo za kuanzia, moja kwenye bastola na mbili kwenye pochi upande wa pili wa kiuno, vichwa vya risasi vikitazama mbele. Ukiweza nunua 5 na uziandike namba. Bastola ikikwama mara mbili na magazini namba 4, umeshajua wa kulaumiwa ni nani.

Steji (zoezi moja la kupiga lenye shabaha zake) 5 au 6 huwa zinakula risasi 90 hadi 120, wewe beba 200. Nguvu ya risasi nayo hupimwa: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), mara mwendo kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. SSP inataka angalau 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,050 kinatoa 130, kwa hiyo risasi nyingi za kiwandani za 9mm zinavuka. Wanaokwama hapa ni wale wanaojaza risasi zao wenyewe na kupunguza baruti ili bastola isirushe.

Kizibao cha kuficha bastola, chochote kinachofika chini ya holsta. Weka kitu kizito kidogo kwenye mfuko wa upande wa bastola. Ukikifagia nyuma, ule uzito unakipeleka, nacho hakirudi kwenye mkono wako.

Miwani ya kinga na vikinga masikio havina mjadala.

Bi_Taima
Fundi amemaliza vifaa. Mimi niseme alama.

Muda wa taima (saa inayolia kuanzisha na kupima muda wako) unajumlishwa na alama ulizopoteza, na kila alama moja ni sekunde 1. Shabaha ya kadibodi ina duara la sentimita 20 kifuani na la sentimita 10 kichwani. Ukipiga humo hupotezi kitu. Nje yake kuna eneo la kupoteza 1, halafu la kupoteza 3. Ukikosa kadibodi yote ni 5. Kosa la utaratibu linaongeza sekunde 3, na kumpiga asiye adui (shabaha yenye alama ya mikono) sekunde 5.

Chukua watu wawili. Wa kwanza kamaliza kwa sekunde 22.40 akapoteza alama 9: jumla 31.40. Wa pili kamaliza kwa 27.10 akapoteza 2: jumla 29.10. Aliyeonekana mzito ndiye aliyeshinda, kwa zaidi ya sekunde mbili. Mgeni akiisikia ile taima inalia, vidole vinakimbia kuliko macho. Risasi ya ziada kwenye shabaha hiyo hiyo inachukua chini ya sekunde moja. Ukiona umepiga eneo la 3, ongeza nyingine kabla hujaondoka, maana matundu bora ndiyo yanayohesabiwa. Labda karatasi ya steji (yenye maelekezo yake) iseme idadi ya risasi haizidishwi. Hapo usiongeze.

Kutolewa ni habari nyingine, na hakuna rufaa ya huruma. Bastola ikianguka, umetoka. Ikifyatuka wakati hukukusudia, umetoka. Mdomo wa bastola ukivuka alama za usalama za steji, au ukipita juu ya mwili wako au wa mwenzako, umetoka. Mlango ndio mtego mkubwa: mkono wa kushoto unasukuma, bastola iko kulia, mwili unageuka, mdomo unapita juu ya mkono. Vuta bastola karibu na kifua kwanza, mdomo ukielekea kwenye tuta la kuzuia risasi, ndipo uguse mlango.

Kidole kiwe juu ya fremu, nje kabisa ya triga, unapotembea, unapobadili magazini na unaposafisha mkwamo. Afisa usalama akipaza sauti "Finger!" (kidole!), anakuonya kuhusu hicho.

KimyaKimya
Kwenye eneo la usalama unaweza kugusa bastola, kuifunga holsta, hata kujaribu kuchomoa. Risasi haziguswi hapo kabisa, wala zile bandia za mazoezi. Nje ya hapo bastola inakaa kwenye holsta, tupu, mpaka afisa akuambie.

MgeniWaRenji
Asanteni sana. Kumbe nilikuwa nawaza kasi tu. Swali la pili: kubadili magazini nikiwa natembea, na ule mpangilio wa shabaha gani ianze. Nikitazama wenzangu naona kila mtu ana yake.

FundiSlaidi
Mpangilio si hiari, uko kwenye sheria. Ukiwa wazi na shabaha zote zinaonekana, wa karibu kwanza, wa mbali baadaye. Ukiwa nyuma ya kizuizi, unakata kona kidogo kidogo na kupiga kila shabaha inavyojitokeza, ya nje kwanza, ya ndani mwisho. Chini kuna mstari. Mguu ukigusa nje ya mstari wakati unapiga, sekunde 3. Karatasi ikitaka mfuatano wa kimbinu, kila shabaha inapata moja kabla yoyote haijapata ya pili. Kwa shabaha tatu zenye risasi mbili mbili, inakuwa 1, 1, 2, 1, 1.

Kuhusu magazini. Ukianza na 10 kwenye magazini na 1 kwenye chemba (nyuma ya mtutu, tayari kupigwa), una 11. Steji ikitembezwa kabla ya kuanza, hesabu kwa sauti ya chini risasi ya 11 inatokea wapi. Hapo ndipo slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) itafunguka na hapo ndipo utabadili. Slaidi ikifunguka, magazini tupu iache ianguke. Lakini kama bado kuna risasi kwenye chemba na kwenye magazini, huruhusiwi kuitupa: unaiweka mfukoni au kwenye mkanda. Ukiidondosha, sekunde 3.

Mikono inavyofanya: bastola inabaki usawa wa kidevu, inainama kidogo ili tundu la magazini ulione kwa jicho. Kidole cha shahada kinalala mbele ya magazini mpya, ncha ikigusa kichwa cha risasi ya juu. Kidole kinaelekea kwenye tundu, magazini inafuata. Isukume kwa kitako cha kiganja mpaka isikike, na macho yarudi kwenye shabaha.

Slaidi isipofunguka risasi zikiisha, usikimbilie kulaumu springi. Mara nyingi ni dole gumba la mkono wa nguvu linalokandamiza kile kitufe cha kuzuia slaidi. Lilaze juu ya dole gumba la mkono mwingine.

Bi_Taima
Nyumbani fanya mazoezi makavu (kubonyeza triga bastola ikiwa tupu) dakika 10 kwa siku, risasi zote zikiwa chumba kingine, ukutani palipo na kitu cha kuzuia risasi. Angalia chemba kwa jicho na kwa kidole. Simamisha ganda tupu juu ya slaidi nyuma ya kilengeo cha mbele, bonyeza triga. Likianguka, unaivuta kwa pembeni. Mkiwa tayari kujipima renji, kuna jaribio la madaraja la 5x5: risasi 25, yadi 10, mikupuo minne. Tano kwa mikono miwili, tano kwa mkono wa nguvu peke yake, kumi zikiwa na kubadili magazini katikati, na mwisho nne kifuani na moja kichwani.

Halafu amri ya mwisho, "Unload and show clear", yaani toa risasi na uonyeshe bastola iko tupu. Magazini inatoka KWANZA, slaidi inavutwa baadaye. Ukigeuza, unatoa risasi moja kwenye chemba na kuingiza nyingine kutoka kwenye magazini, halafu unaambiwa ubonyeze triga. Unasikia mlio mkubwa mbele ya watu wote, na siku yako imekwisha.

MgeniWaRenji
Hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa. Na bastola ikikwama katikati ya steji?

KimyaKimya
Ukibonyeza na kusikia "klik" tu, gonga kitako cha magazini juu kwa kiganja, vuta slaidi kwa nguvu mpaka mwisho na uiachie yenyewe, endelea. Usiisindikize slaidi kwa mkono, haitafunga vizuri. Ikikataa tena, funga slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, weka magazini mpya, vuta slaidi tena.

Ila ukisikia mlio hafifu, kama kizibo kinachotoka, bila mrusho wa kawaida, simama papo hapo hata kama ulikuwa unaongoza. Usivute slaidi. Huenda baruti ilikuwa ndogo na kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Ukiweka nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka mkononi. Mdomo kwenye tuta, kidole nje, mwite afisa. Mtutu utakaguliwa kwa kijiti bastola ikiwa imefunguliwa.